DAWA ZA WAZEE WETU NA BIMA YA AFYA

Hotuba iliyotolewa mbele ya wanachama mkutanoni Dundori, na sasa imepigwa chapa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika



Tunawashukuru kwa kufika, maana twajua wengine wenu mmeacha magunia ya viazi kando ya barabara yakingoja lori, na wengine mmetoka zamu ya usiku bila kulala. Kwa hiyo hatutatangulia na maneno mengi. Mkutano uliopita, watu wakiwa wameanza kusimama, mama mmoja aliyekaa nyuma kabisa aliinua mkono akauliza swali ambalo sisi wa mezani hatukuweza kulijibu. Alisema hivi: "Mimi nakatwa pesa za SHA kila mwezi. Mama yangu ana presha na sukari. Mbona nikimpeleka hospitali naambiwa hayumo?" Katibu alimwambia tutatafuta jibu. Tumelitafuta, na haya tunayoyasema leo ndiyo jibu, pamoja na mambo mengine tuliyoyakuta njiani.

Jibu fupi, ndugu yetu, ni kwamba mama yako kweli hayumo. Makato yako yanakuhesabu wewe, mume wako, na watoto wako wanaokutegemea. Mama na baba wa mfanya kazi wanahesabiwa kuwa nyumba nyingine, yenye jina lake na mchango wake. Hata mkilala chini ya bati moja na kula sufuria moja, katika vitabu vya serikali ninyi ni nyumba mbili.

Wengi wetu hapa tulidhani sivyo. Hata sisi viongozi, na tusione haya kulisema, tulidhani mwenye kazi akikatwa basi wazee wake wamefunikwa. Si jambo jipya lililoletwa na SHA. Bima ya zamani, NHIF, iliyoanzishwa mwaka 1966, nayo ilimhesabu mchangaji na mwenzi wake na watoto wake. Wazazi walikuwa nje. Ila zamani mambo ya bima yalikuwa mbali nasi, na mzee akiugua tulichanga tukamlipia, tukasahau. Sisi tunaona sheria ya namna hii imepimwa kwa kipimo cha nyumba za watu wengine. Kwetu mtu akipata kazi, mshahara wake wa kwanza hujulikana unakwenda wapi. Lakini sheria ndivyo ilivyo, na yafaa tuijue kabla ya kuilaumu.

Sasa tuitazame hii SHA yenyewe. Sheria yake ilitiwa sahihi mwezi Oktoba 2023, na kazi ikaanza tarehe 1 Oktoba 2024, NHIF ikafungwa. Jina lake ni Mamlaka ya Afya ya Jamii, na chini yake kuna mifuko mitatu ya pesa. Mfuko wa kwanza ni wa huduma za msingi, yaani zahanati na vituo vya afya, na pesa zake hutoka serikalini. Mfuko wa pili ndio ule wetu wa kukatwa, SHIF. Mfuko wa tatu ni wa dharura na maradhi makubwa ya kudumu, nao husaidia pale mfuko wa pili unapofika mwisho wa kiasi chake. Mkiisahau mifuko mingine, huu wa kwanza msiusahau, kwa sababu ndio wenye habari njema kwa wazee, na ndio usiotangazwa vya kutosha huku kwetu.

Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wote, wala hakatwi chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Mtu apataye shilingi 14,000 hukatwa 385. Zamani, kwa mshahara huo huo, NHIF ilimkata 500. Lakini yule wa 60,000, aliyekatwa 1,300, sasa hukatwa 1,650. Kwa hiyo mkamuaji na mchuma maua wamepunguziwa kidogo, na karani mkubwa ameongezewa, na sisi hatulii sana kwa hilo. Mwajiri yeye hatoi kitu cha kwake katika mfuko huu. Kazi yake ni kukata na kuzifikisha pesa kabla ya tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Akizikata asizifikishe, ni ninyi mtakaorudishwa mlangoni mwa hospitali. Basi kila mmoja atazame katika simu yake kama mwezi uliopita umeingia, na kama haukuingia alete karatasi ya mshahara kwa mwakilishi wa Chama shambani kwake. Jambo hilo tunalijua namna ya kulisimamia.

Turudi kwa dawa, maana hapo ndipo mzee anapoumia.

Ndugu wanachama, bima katika mawazo yetu ni kitanda. Tukisema mtu ana bima twafikiri juu ya kulazwa, upasuaji, deni kubwa. Lakini wazee wetu wengi hawaugui maradhi ya kitanda. Wanaugua maradhi ya kidonge: presha, sukari, moyo, viungo, pumu. Kidonge kimoja asubuhi na kingine jioni, leo na kesho na mwaka ujao hata mwisho wa maisha. Bei ya pakiti moja haitishi mtu. Ila pakiti hiyo ni kila mwezi, na mara nyingi ni pakiti mbili au tatu, na nauli ya matatu kwenda Nakuru na kurudi, na siku nzima imepotea. Bima inayolipa kitanda na hailipi kidonge inamngoja mzee aanguke kwanza ndipo imsaidie.

Kuna mwenzetu mmoja, mkamuaji wa ng'ombe katika shamba moja upande wa kuelekea Ol Kalou, ametupa ruhusa kusimulia habari yake bila jina. Mama yake alikuwa na presha, akitumia vidonge vizuri miaka kadhaa, na mwenzetu ndiye aliyevinunua. Mwaka mmoja, mwezi wa kupanda, ada za shule na mbegu zilikuja pamoja, vidonge vikaisha. Mama hakumwambia mtu. Tena hakuona vibaya. Kichwa hakikuuma, akafikiri huenda amepona, akaona heri asimsumbue mtoto. Hiyo ndiyo hila ya presha, haipigi hodi. Baada ya majuma machache alikutwa uwani, mkono na mguu wa upande mmoja havifanyi kazi, maneno hayatoki. Alipelekwa hospitali, akakaa huko siku nyingi. Mwenzetu aliuza mtamba wake, akakopa, tukamfanyia harambee, mnaikumbuka. Mama alirudi nyumbani lakini hatembei peke yake, na binti mmoja ameacha kibarua ili amtunze.

Hatusemi haya kumhukumu mwenzetu. Yeye mwenyewe alituambia kitu ambacho kilitunyamazisha: zile pesa za harambee zingetosha vidonge vya mama kwa miaka mingi. Kuchangia mazishi na kulazwa tunajua sana, hata mtu asiyejulikana tunamchangia. Kuchangia vidonge hatujui, kwa kuwa mtu mwenye kidonge mkononi haonekani mgonjwa.

Basi mzee wa Dundori apate wapi dawa zake?

Kwanza, kituo cha afya kilicho karibu. Ule mfuko wa kwanza tuliousema hulipa zahanati na vituo vya afya, yaani daraja la 2 na la 3, ili mtu aliyejiandikisha na SHA aonwe, apimwe na apewe dawa bila kulipa. Sikilizeni vizuri: aliyejiandikisha. Hatukusema aliyelipa. Mzee ambaye hajachangia hata senti anaweza kuhudumiwa katika kituo cha afya maadamu ameandikishwa. Wengi wameambiana sokoni ya kwamba usipolipa mwaka mzima huna haki popote, kwa hiyo wamekaa nyumbani. Wamekosea. Na kuandikishwa si kazi ngumu. Mtu hubonyeza *147# katika simu yoyote, hata ile ndogo ya tochi, akiwa na kitambulisho cha mzee. Aliyekuwa NHIF asifikiri amehamishwa tu. Aulize, na kama jina halimo, aandikishwe upya.

Yapo mambo mawili ya kuangalia katika kuandikisha. La kwanza ni namba ya simu. Vijana huwaandikisha wazee kwa namba zao wenyewe, kisha kijana yuko kazini Naivasha, na siku mzee anapotakiwa kuthibitishwa ujumbe unaingia katika simu iliyo mbali. Tumieni namba ya mtu anayekaa na mzee. La pili ni vidole. Mahali pengine mgonjwa huthibitishwa kwa alama ya kidole, na mzee aliyelima miaka hamsini vidole vyake vimelika, mashine haisomi. Asirudi nyumbani kwa hasira. Ajaribu kidole kingine, aoshe mikono, na aombe karani atafute njia nyingine. Aende na mtu wa kumsemea.

Dawa za kawaida za presha na sukari, kama amlodipini na metformini, si dawa za ajabu za hospitali kubwa. Zimo katika orodha ya dawa za lazima za nchi hii na zinatolewa chini, katika vituo. Mzee wa huku juu karibu na msitu ambaye presha yake imetulia hana sababu ya kupanda matatu kila mwezi hadi Nakuru kwa ajili ya vidonge hivyo. Tena ajue ya kuwa akienda moja kwa moja hospitali kubwa kuchukua vidonge, bila kulazwa, huenda akaambiwa alipe mwenyewe, hali hapa chini angepewa bure. Daktari wa hospitali kubwa ana kazi yake: kuanzisha dawa, kubadilisha, kuangalia macho na figo na moyo mara moja kwa muda. Mwambieni awaandikie barua ya kurudi kituoni, yenye majina ya dawa na vipimo vyake.

Sasa tunasikia mtu huko nyuma akinong'ona kwamba kituoni hakuna dawa. Ndugu, twajua. Wako wanachama waliokwenda kituo kimoja mara tatu wakapewa kikaratasi tu, wakaambiwa wakanunue dukani. Kusema dawa ni bure na rafu ni tupu ni sawa na kualikwa karamu ya sufuria baridi. Lakini tuulize kwa nini rafu ni tupu, tusiishie kulaumu muuguzi, ambaye hana kiwanda cha dawa nyuma ya nyumba.

Tangu mwaka 2013 vituo vya afya viko chini ya kaunti. Kaunti huagiza dawa kwa KEMSA, lile shirika la serikali la kununua na kugawa dawa, na deni la kaunti likirundikana dawa hukawia. Hiyo ni sababu moja. Sababu ya pili ni kwamba kituo kisipopeleka hesabu ya wagonjwa wake SHA, au hesabu ikachelewa kulipwa, hakina pesa ya kujazia pengo. Mwaka 2023 ilipitishwa sheria inayoruhusu hospitali na vituo vya umma kubaki na pesa wanazopata na kuzitumia hapo hapo, badala ya kuzipeleka kwanza makao makuu ya kaunti. Na vituo vina kamati ambazo ndani yake mna raia wa mahali. Ni nani katika mkutano huu anayewajua watu wa kamati ya kituo chake? Tunaona mikono mitatu. Basi kazi tunayo. Sisi tunaojua kukaa na mwajiri meza moja tukadai shilingi, twashindwaje kuingia katika kamati ya kituo na kuuliza: mwezi huu mmepokea kiasi gani, na dawa za presha mmenunua ngapi? Tena wagonjwa wasioandikishwa hawahesabiwi. Kila mzee mnayemwandikisha ni sauti moja zaidi ya kudai dawa katika kituo hicho.

Jambo jingine. Tangu 2023 kuna wahudumu wa afya ya jamii wapatao laki moja nchini, wanaozunguka nyumba kwa nyumba na mkoba wenye mashine ya kupima presha na sukari. Mkaribisheni wa kijiji chenu. Mzee asiyeweza kutembea apimwe nyumbani, na kipimo kiandikwe katika daftari.

Sasa, je, mzee alipe ule mchango wa SHIF, au akae na kituo cha bure tu? Hapa twataka kusema wazi maoni yetu. Alipe, kama kuna njia yoyote. Kituo kitampa kidonge, lakini siku ya kulazwa, siku ya kiharusi au mguu wa sukari, mlango wa hospitali ya daraja la 4 kwenda juu hufunguliwa na SHIF iliyolipwa. Na mgonjwa akilazwa, dawa zake za kitandani zimo ndani ya malipo ambayo hospitali inapewa kwa kila siku. Mkiambiwa mtoke mkanunue dawa nje wakati mgonjwa yuko kitandani na bima yake ni hai, ulizeni kwa adabu kwa nini, na karatasi ya ununuzi iwekeni.

Mchango wa asiye na mshahara hukadiriwa kwa maswali: nyumba ni ya namna gani, maji mnatoa wapi, mnapikia nini, mna mifugo au hamna. Wa chini kabisa hulipa 300 kwa mwezi, lakini hutakiwa mwaka mzima kwa pamoja, yaani 3,600. Mzee mwenye umri wa miaka 70 na zaidi aliye katika daftari la Inua Jamii hupata shilingi 2,000 kwa mwezi. Mchango wa mwaka basi unakula karibu miezi miwili ya pesa zake. Mwenye watoto watano wenye kazi, kila mmoja akitoa 60 kwa mwezi, mama amelipiwa. Hiyo ni bei ya vikombe vichache vya chai. Tafadhali msimwachie ndugu mmoja tu, yule aliyebaki nyumbani.

Ubaya ni huu: nyumba. Mtoto aliye mjini amemjengea mama nyumba ya mawe na kumwekea tangi la maji. Mama hana senti mfukoni, lakini maswali yanamwona tajiri, na anaandikiwa mchango mkubwa. Hilo tumelisikia kwa watu kadhaa. Msikubali kimya. Rudini katika ofisi ya SHA au meza yake katika Huduma Centre, mwombe makadirio yaangaliwe tena. Kuna pia mpango wa kulipa kidogo kidogo uitwao Lipa SHA Pole Pole. Kabla ya kuuingia, ulizeni bima itaanza siku gani. Na mwezi Oktoba 2025 serikali ilizindua mpango wa kuwalipia michango watu milioni 2.2 wasiojiweza. Mwenye mzee asiye na mtu kabisa, amwulize chifu na mhudumu wa afya kama jina lake linaweza kufikiriwa.

Wengine wametuuliza juu ya bima za kampuni, zile zinazotangazwa na vijana wenye tai. Hatuzikatazi. Lakini twaomba mjue kwamba kampuni ya bima hufanya hesabu, na mzee mwenye maradhi ya kudumu ni hesabu mbaya kwake. Kampuni nyingi huweka mpaka wa umri wa kuingia, mara nyingi 60 au 65. Nyingine humpokea, lakini maradhi aliyokuja nayo hayafunikwi mwaka wa kwanza, au yana kiasi chake kidogo cha pembeni, na kile kitabu kizuri chenye picha ya babu akicheka kinaonyesha kiasi kikubwa cha kitanda tu. Mwanachama mmoja alimlipia baba yake, akafurahi, kisha akakuta dawa za kila mwezi za nje ya kitanda hazimo hata kidogo. Alikuwa amenunua bima ya kitanda kwa mtu mwenye maradhi ya kidonge.

Katika hili tulijifunza kitu kutoka mbali. Huko Marekani wazee wana bima ya serikali iitwayo Medicare, na tangu 2006 kuna sehemu yake ya dawa peke yake, ambayo inauzwa na kampuni nyingi chini ya masharti ya serikali. Kila mwaka, kuanzia 15 Oktoba hadi 7 Desemba, mzee huchagua mpango wa mwaka ujao. Mipango ni mingi hata vichwa vinawauma wasomi. Na jambo la kwanza analoambiwa kulitazama kila anayechagua ni orodha: je, dawa zangu zimo katika orodha ya mpango huu, na nitatoa kiasi gani mwenyewe kwa kila moja? Bei ya kuingia huja baadaye. Huko nako, mpango wa bei ndogo usio na dawa yako ni wa bei kubwa. Mwaka 2025 waliwekewa kikomo: mwaka huo mzee aliyekwisha kutoa dola 2,000 zake kwa dawa zilizo katika mpango wake, hakutoa tena. Sisi hatuna kikomo cha namna hiyo kwa vidonge vya dukani, na ni jambo ambalo vyama vya wafanya kazi vingefaa kulidai.

Lakini ile njia ya kuanza na orodha haihitaji serikali. Fanyeni hivi. Kabla ya kumsikiliza mtu wa bima, kusanyeni pakiti zote za dawa za mzee, hata zilizo tupu, mwandike jina la kila dawa, nguvu yake, na mara ngapi kwa siku. Muwe mmejua kila moja inagharimu nini kwa mwezi. Kisha mwekeeni mtu wa bima karatasi hiyo mezani, mumwulize: hizi zimo? Tangu lini, siku ya kwanza au baada ya mwaka? Mpaka shilingi ngapi? Tutazichukua duka gani, na liko Dundori au ni Nakuru mjini? Mzee akifika miaka 75 mtamtoa? Majibu yaonyesheni katika maandishi ya mkataba, maana maneno ya mdomo hayalipi duka la dawa. Akisema tutazungumza baadaye, nanyi lipeni baadaye. Na mhakikishe kampuni ina leseni ya mamlaka ya kusimamia bima, IRA.

Katika kuandika majina mtagundua kitu kingine. Dawa moja ina majina mawili: jina lake yenyewe, na jina la biashara la kiwanda. Yule wa kiwanda chenye sifa huuzwa ghali, na mwenzake mwenye jina la kawaida huuzwa nafuu, na dawa ni ile ile. Mwulizeni mwenye duka, lililosajiliwa na lenye leseni ukutani, kama ipo ya jina la kawaida. Wako wazee wanaotumia dawa ya ghali miaka kumi kwa sababu daktari wa kwanza aliandika hivyo na hakuna aliyeuliza. Ila msibadilishe nguvu ya dawa wenyewe. Na wamama wanaoazimana vidonge vya presha kama wanavyoazimana chumvi, tafadhali waambieni waache.

Sasa tuseme juu yetu wenyewe, kabla ya chai. Tumekuwa tukisema "wazee" kana kwamba ni watu wengine. Mfanya kazi wa shamba akistaafu, karatasi ya mshahara inakoma, na makato ya SHA yanakoma siku hiyo hiyo. Kuanzia hapo yeye si mwenye mshahara tena. Lazima ajibadilishe katika daftari, aulizwe yale maswali ya nyumba na maji, alipe mwaka mzima kwa mkupuo. Wengi hawajui, wanaendelea kufikiri wana bima kwa sababu wamekatwa miaka thelathini. Wanagundua siku ya kuugua. Na ni katika umri huo huo presha na sukari huja. Kwa hiyo mwenye kustaafu mwakani aanze kuweka 300 kwa mwezi tangu sasa, na siku ya kuchukua kiinua mgongo, mchango wa mwaka utoke kwanza, kabla ya bati na kabla ya pikipiki.

Kwa upande wa Chama, kamati imekubaliana kwamba katika mazungumzo yajayo ya mkataba tutaweka madai mawili. La kwanza, mwajiri amlipie anayestaafu mchango wa SHIF wa mwaka wa kwanza. Kwa mtu mmoja ni kitu kidogo sana katika hesabu za shamba. La pili, ruhusa ya siku moja yenye malipo, kila miezi mitatu, kwa mfanya kazi anayempeleka mzazi kliniki. Hatuwaahidi kwamba tutapata yote mawili. La pili tunaliona gumu, maana waajiri watasema kila mtu atapata mama mgonjwa. Lakini tutalitia mezani. Tunatafuta pia bei ya bima ya kundi ya wazazi, maana kampuni humsikiliza mtu mia kuliko mtu mmoja, na tutaipima kwa ile ile karatasi ya dawa. Ikiwa dawa za kudumu hazimo, tutaikataa.

Yule mama aliyeuliza swali yuko hapa leo, tumemwona. Mama, katibu ana daftari. Njoo na kitambulisho cha mama yako na simu ya yule anayekaa naye, tumwandikishe sasa hivi kabla hujaondoka. Na wengine wote, Jumapili ya pili ya mwezi ujao meza itawekwa hapa hapa kuanzia saa nne asubuhi. Leteni vitambulisho vya wazee wenu na pakiti zao za dawa, tupu kwa zenye vidonge, katika mfuko mmoja wenye jina.